Kupima tabia za watu kwa takwimu: mwongozo wa kuanzia kwa mtafiti wa mwaloni

Mtu anayetaka kujua kama abiria wa mitumbwi ya injini katika Ziwa Victoria huvaa jaketi okozi anaweza kukaa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapofikia na kuondokea, Igombe au Kayenze asubuhi moja, akatazama, kisha akarudi Mwanza mjini na jibu kwamba wengi hawavai. Huenda jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii mtu yeyote kupanga jambo, kwa sababu halisemi wengi ni wangapi, kati ya akina nani na siku zipi, wala halitoi njia ya kutambua mwakani kama hali imebadilika. Katika ziwa ambamo MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, swali la nani anavaa na nani havai linastahili jibu ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, afisa maendeleo ya jamii au mwanachama wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni) anayepima tabia za watu kwa mara ya kwanza, akiwa na daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo. Mfano wake mkuu ni huo wa jaketi. Tarakimu za mfano nimezitunga ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na pale ninapotumia matokeo ya utafiti uliofanyika kweli nitasema hivyo waziwazi.

Eleza tendo kabla ya kuhesabu

Uzembe hauhesabiki, na uelewa wa usalama hauonekani kwa macho. Kinachohesabika ni tendo lililoelezwa kwa maneno ambayo watu wawili wasiofahamiana wanaweza kuyatumia wakafikia jibu moja. Andika fasili yako kwa ukamilifu, kwa mfano: abiria anahesabiwa kuwa amevaa ikiwa, wakati mtumbwi unasukumwa kutoka ufukweni, jaketi liko mwilini mwake, mikono yote miwili imepita, na angalau mkanda mmoja umefungwa. Baada ya hapo andika hali zenye utata na uamuzi wako juu ya kila moja. Aliyelikalia jaketi hajavaa. Aliyelitundika begani hajavaa. Mtoto aliyebebwa mgongoni anahesabiwa peke yake, na jaketi la mama yake halimhusu. Nahodha na msaidizi wake si abiria, hivyo wanaandikwa katika safu yao.

Wakati wa kutazama nao ni sehemu ya fasili, na ndipo wanaoanza wanapoteleza zaidi. Mtu anaweza kuvaa jaketi mbele ya mkaguzi na kulivua mtumbwi ukishapita mawe ya ufukweni, kwa hiyo kipimo cha ufukweni kinajibu swali la kuvaa wakati wa kuondoka na si zaidi ya hapo. Ukitaka kujua hali ya katikati ya ziwa, mtazamaji lazima apande chombo kama abiria mwingine na aandike tena baada ya muda uliokubaliwa, tuseme dakika 15. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na visichanganywe katika jumla moja.

Jaribu fasili kwa kuwaweka watazamaji wawili wawatazame abiria walewale bila kushauriana. Tuseme kati ya abiria 100, wote wawili waliandika "amevaa" kwa watu 30 na "hajavaa" kwa watu 54. Mtazamaji wa kwanza peke yake aliandika "amevaa" kwa watu 6, na wa pili peke yake kwa watu 10. Wamekubaliana mara 84 katika 100. Tarakimu hiyo inapendeza, lakini sehemu ya makubaliano hayo ingepatikana hata kama kila mmoja angejaza fomu kwa kubahatisha. Mwaka 1960 Mmarekani Jacob Cohen alipendekeza kipimo kinachoondoa sehemu hiyo ya bahati, na kinajulikana kama kapa. Mtazamaji wa kwanza alisema "amevaa" kwa jumla ya watu 36, wa pili kwa watu 40. Makubaliano ya bahati ni 0.36 mara 0.40, kujumlisha 0.64 mara 0.60, yaani 0.144 na 0.384, jumla 0.528. Toa 0.528 kutoka 0.84 upate 0.312, toa 0.528 kutoka 1 upate 0.472, gawanya ya kwanza kwa ya pili, na kapa ni takriban 0.66. Kapa ya 1 ni makubaliano kamili na ya 0 ni bahati tupu. Kwa 0.66 mimi nisingeanza kukusanya data. Ningewaketisha watazamaji wote wawili, nipitie nao wale watu 16 waliotofautiana juu yao, na kwa kawaida ingebainika kwamba tatizo liko kwenye kifungu kimoja cha fasili, kwa mfano mkanda uliofungwa nusu.

Chagua mitumbwi na siku, usichague nyuso

Mtafiti anayewaandika wale aliowaona vizuri au waliokubali kuzungumza naye atapata picha ya watu wa aina hiyo tu. Sampuli nzuri huachia bahati kazi ya kuchagua. Kwa kuwa orodha ya abiria mara nyingi haipatikani mwaloni, njia rahisi ni kuchagua vyombo kwa mpangilio: andika namba 1 hadi 3 kwenye vikaratasi, vuta kimoja, na kama kimetoka cha 2, tazama mtumbwi wa pili unaoondoka, kisha wa tano, wa nane, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa zamu bila kuruka wowote kwa sababu yoyote.

Siku nazo zina tabia zake. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanaotegemea taa hupumzika, na mwalo unakuwa na watu wa aina nyingine kabisa; siku ya gulio abiria huongezeka na mitumbwi hujaa mizigo; upepo ukivuma, hata yule ambaye hana mazoea ya kuvaa huliomba jaketi. Utafiti wa siku tatu mfululizo unaweza kuangukia ndani ya hali moja tu kati ya hizi ukadai kusema juu ya mwaka mzima. Gawanya kalenda kwanza katika siku za giza na za mbalamwezi, za gulio na za kawaida, kisha vuta siku kwa bahati ndani ya kila fungu, na andika hali ya upepo kwenye kila fomu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naliona ndilo linaloharibu tafiti nyingi ndogo za tabia. Abiria wa mtumbwi mmoja hufanana. Nahodha akiwa mkali, wote wanavaa. Akiwa hajali, au akiwa hana majaketi ya kutosha, karibu wote hawavai. Kwa hiyo abiria wa pili hadi wa ishirini katika mtumbwi uleule wanakuongezea habari ndogo kuliko unavyodhani. Kukadiria hasara hiyo, chukua idadi ya abiria unaowaandika katika kila mtumbwi, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao (0 hawafanani kabisa, 1 wote hutenda sawa), kisha jumlisha 1. Tukikisia kiwango hicho kuwa 0.2 na abiria 20 kwa kila mtumbwi, tunapata 19 mara 0.2, yaani 3.8, na tukijumlisha 1 inakuwa 4.8. Hicho ndicho kizidisho cha kuigawia idadi ya abiria. Abiria 400 waliotoka katika mitumbwi 20 wana uzito wa watu takriban 83 tu waliochaguliwa mmoja mmoja. Lakini ukiandika abiria 5 tu waliochaguliwa kwa bahati katika kila mtumbwi, na ukafikia mitumbwi 80, kizidisho kinashuka hadi 1.8 na abiria wako 400 wana uzito wa watu takriban 222. Kazi ya kuandika ni ileile, faida imeongezeka zaidi ya mara mbili. Hili ni la kukumbuka pia unapopima wanafunzi darasani, wagonjwa katika zahanati au watu wa kaya moja.

Jua una tarakimu za aina gani

Majibu ya "amevaa" na "hajavaa" ni makundi, na makundi huelezwa kwa asilimia. Majibu ya "nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa", mtindo uliopendekezwa na Rensis Likert mwaka 1932, yana mpangilio, ila hakuna anayejua kama umbali kati ya "nakubali" na "nakubali sana" ni sawa na umbali kati ya "sina hakika" na "nakubali". Onyesha watu wangapi walichagua kila jibu badala ya kukimbilia wastani wa 3.7. Idadi ya mara na dakika ni namba zenye sifuri ya kweli, na hizo zinaruhusu hesabu zote.

Wastani na mediani

Tuache jaketi kidogo twende kwenye kichocho, ugonjwa uliozoeleka mno kando ya ziwa hili, ambao vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Hapa tabia ya kupima ni muda ambao mtu anakaa ndani ya maji. Tuseme umewatazama watu kumi ufukweni na kuandika dakika zao: 4, 5, 5, 6, 7, 8, 9, 11, 15 na 90. Jumla ni 160, na wastani ni dakika 16. Angalia tena orodha: watu tisa kati ya kumi wako chini ya wastani huo, na hakuna hata mmoja aliyekaa dakika 16. Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kupanga kutoka ndogo hadi kubwa, iko kati ya 7 na 8, sawa na dakika 7.5, na inaeleza vizuri zaidi mtu wa kawaida aliyekuja kuchota maji kwa ndoo.

Mkengeuko sanifu hupima namna thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Toa 16 kutoka kila thamani, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, utapata 6,182. Gawanya kwa 9, yaani idadi ya watu ukitoa mmoja, kisha tafuta kipeuo cha pili, na jibu ni takriban dakika 26. Mkengeuko unaozidi wastani, katika kitu kisichoweza kushuka chini ya sifuri, ni ishara kwamba data imeinama upande mmoja. Katika hali hiyo toa mediani pamoja na robo zake, yaani mediani ya nusu ya chini ya orodha na ya nusu ya juu: robo ya chini ni 5 na ya juu ni 11, kwa hiyo nusu ya watu waliokaribiana na katikati walikaa kati ya dakika 5 na 11.

Usimfute mtu wa dakika 90. Rudi kwenye fomu. Kama ni kosa la kuandika 9 ikawa 90, sahihisha na uache alama ya marekebisho. Kama ni mama aliyekuwa akifua nguo za familia nzima huku amesimama majini hadi magotini, huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote tisa, na mpango wa afya ukijengwa juu ya mediani peke yake utampita bila kumwona. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu kuchora kila thamani kama nukta kwenye mstari kabla ya kutoa muhtasari wowote.

Sema una uhakika kiasi gani

Tukirudi kwenye jaketi: kati ya abiria 400, waliovaa ni 144, sawa na asilimia 36. Ukirudia zoezi wiki ijayo hutapata 36 kamili. Kukadiria upana wa kuyumba huko, zidisha 0.36 kwa 0.64, gawanya kwa 400, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.024, na hilo ndilo kosa sanifu. Lizidishe kwa 1.96, namba inayotumika kwa mipaka ya asilimia 95, upate 0.047, kisha itoe kwenye 0.36 na uijumlishe. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ni kutoka 31 hadi 41. Maana yake ni kwamba njia hii, ikirudiwa kwa sampuli mpya mara nyingi, hutoa mipaka inayolifunika jibu la kweli takriban mara 95 katika kila 100.

Hesabu hiyo imedhani kwamba abiria walichaguliwa mmoja mmoja. Kama walitoka katika mitumbwi 20 yenye abiria 20 kila mmoja, badilisha 400 kwa 83, na mipaka inapanuka kuwa kutoka takriban 26 hadi 46. Kama walitoka katika mitumbwi 80 yenye abiria watano watano, tumia 222, na mipaka ni takriban 30 hadi 42. Msomaji wa ripoti ana haki ya kupewa mipaka iliyo ya kweli hata kama ni mipana na haifurahishi.

Watu wanachosema na watu wanachofanya

Ni rahisi zaidi kuuliza kuliko kutazama, na yapo mambo ambayo hayawezi kutazamwa. Lakini mhojiwa husikiliza swali akitafuta jibu litakalompa heshima mbele ya mgeni. Mkoa wa Mwanza una ushahidi mzito wa hili. Utafiti wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za vijijini, ulizigawa jamii hizo kwa bahati: 10 zikapata elimu ya afya ya uzazi shuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana, na 10 zikawa za kulinganishia. Maarifa ya vijana yaliongezeka, na mitazamo waliyoieleza ilibadilika kwa namna iliyotarajiwa. Vipimo vya maabara, hata hivyo, havikuonyesha tofauti ya kuaminika katika maambukizi. Aidha, baadhi ya vijana waliosema hawajawahi kujamiiana walikutwa na mimba au ambukizo la zinaa. Kama watafiti wangeishia kwenye dodoso, wangetangaza ushindi ambao miili ya vijana haikuuthibitisha.

Kwa hiyo, pale inapowezekana, weka kando ya kila swali kipimo kisichotegemea maneno: tazama, hesabu majaketi yaliyomo mtumbwini, pima maji yaliyotumika. Unapolazimika kuuliza, uliza juu ya safari ya mwisho na si juu ya desturi, kwa kuwa "Je, ulipovuka mara ya mwisho ulivaa jaketi?" humpa mtu tukio la kukumbuka, lakini "Je, huwa unavaa?" humpa nafasi ya kujisifu. Dodoso likihitaji kusomwa kwa Kisukuma au Kikerewe, mtu mmoja afanye tafsiri, mwingine ambaye hajaona la awali alirudishe katika Kiswahili, na tofauti zijadiliwe kabla ya kwenda uwanjani. Kuhusu kutazama, watu hubadilika wanapojua wanatazamwa, na haifai kuwaficha. Kaa mwaloni siku kadhaa hadi uwepo wako uzoeleke, na amua kabla ya kuanza kwamba data za siku hizo za mwanzo hazitaingia katika hesabu.

Unapotaka kulinganisha

Tuseme baada ya kampeni ya usalama waliovaa wamefikia asilimia 48. Pengine kampeni imefanya kazi, au upepo wa msimu umeanza, au faini zimeongezwa. Bila mwalo mwingine ambao haukupata kampeni lakini ulipimwa kwa tarehe zilezile, huwezi kutenganisha sababu hizo. Utaratibu huu ulifuatwa kwa uangalifu mkubwa mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994, katika utafiti juu ya kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya. Jamii 12 zilipangwa katika jozi sita, na katika kila jozi bahati iliamua ipi ianze kupata huduma. Katika miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 48 kati ya watu 4,149 katika jamii zilizohudumiwa, sawa na asilimia 1.2, na 82 kati ya watu 4,400 katika jamii za kulinganishia, sawa na asilimia 1.9. Watafiti hao waliwauliza watu pia juu ya mienendo yao ya ngono, wakakuta haikubadilika upande wowote, na hilo likawasaidia kuona kwamba upungufu ulitokana na tiba yenyewe.

Tofauti kati ya 1.9 na 1.2 ni nukta 0.7 za asilimia, na pia ni upungufu wa karibu asilimia 40. Semi zote mbili ni sahihi, na ya pili ikitajwa peke yake humfanya msikilizaji adhani kila watu 100 wameokoka 40. Andika zote mbili, pamoja na idadi ya watu.

Programu ya kompyuta itakupa pia thamani ya p. Inajibu swali finyu: kama kusingekuwa na tofauti yoyote ya kweli, data yenye tofauti kubwa kama hii au zaidi ingetokea kwa nadra kiasi gani? Haisemi uwezekano wa kampeni kuwa imefaulu, wala haipimi ukubwa wa faida yake, na mpaka wa 0.05 ni mazoea yaliyoenezwa na Mwingereza Ronald Fisher. Mipaka ya uhakika inakuambia mengi zaidi.

Kabla ya kutoka na baada ya kurudi

Utafiti wa afya unaogusa watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na hata zoezi dogo lisilo la afya lianze kwa kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU. Majina hayahitajiki kwenye fomu za kutazama. Mhojiwa aelezwe kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila kupoteza chochote, na walioacha wahesabiwe, kwa sababu ripoti isiyosema wangapi walikataa haiwezi kupimwa uzito.

Sentensi kuu ya ripoti iandikwe kwa namna hii: "Kati ya abiria 400 waliotazamwa katika mitumbwi 80 kwa siku 12 zilizochaguliwa kwa bahati, 144 walikuwa wamevaa jaketi okozi wakati wa kuondoka, sawa na asilimia 36, mipaka ya uhakika ikiwa 30 hadi 42." Mwaloni kwenyewe matokeo yasomwe kwa sauti kama watu 36 katika kila 100, mbele ya manahodha na abiria waliotazamwa, nao waulizwe ni kitu gani katika hesabu hiyo hakilingani na wanachokijua. Majibu yao yaandikwe na kuambatishwa kwenye ripoti, na fomu ghafi zitunzwe mahali ambapo atakayerudia kipimo mwakani ataweza kuzifungua.